Mizani kabla ya macho: shajara ya mradi wa kufuatilia ulaji wa simbilisi, Nkuhungu, Dodoma

Mei, mvua zimekatika

Vifaa vya mradi ni viwili: mizani ya jikoni ya kidijitali, ile ya kupimia unga wa keki, na daftari la mistari. Lengo ni kumtambua simbilisi (yule mnyama mdogo wa manyoya ambaye Kiingereza humwita guinea pig) anayepunguza kula kabla hajaacha kabisa. Hapa mtaani watoto wengi wanao. Kule Iringa na Njombe simbilisi hufugwa kwa kitoweo. Hawa wetu ni wa kubebwa, kupewa majina na kulishwa majani mkononi. Kila kiangazi kikikolea naletewa mmoja ndani ya boksi la viatu. "Shikamoo Bibi. Hataki kula." Nikiuliza tangu lini, naambiwa jana, wakati mwingine juzi. Kwa mnyama huyu juzi ni mbali mno.

Nimefanya kazi ya uafisa mifugo mpaka nikastaafu, zaidi nikihudumia ng'ombe, mbuzi na kuku, na ninaandika haya hasa kwa wazazi ambao wamezoea mifugo hiyo. Tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama. Anakula kidogo kidogo mchana na usiku. Majani yanakwenda kuchachuka kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na bakteria wazuri waliomo humo ndio wanaomvunjia nyuzi za nyasi. Chakula kisipoingia, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, tumbo linauma, na maumivu yanamfanya akatae kula zaidi. Huku nyuma mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, mafuta yanarundikana kwenye ini, na ini likichoka kumrudisha ni kazi nzito. Saa 12 bila kula ni jambo la kumhangaikia. Saa 24 ni dharura. Kukataa chakula kunaanza kama dalili ya tatizo jingine, kisha kunageuka kuwa ugonjwa wenyewe.

Halafu anaficha. Simbilisi ni windo la kila mwenye kucha na meno, na windo halijionyeshi kwamba linaumwa. Atakaa mbele ya sahani na wenzake, atainua jani, atalitafuna kidogo, ataliacha. Mtoto akiangalia ataapa kwamba anakula. Macho yanadanganyika. Gramu hazidanganyiki.

Utaratibu tuliokubaliana: kila Jumamosi asubuhi kabla ya chakula, bakuli la plastiki juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, mweke simbilisi na kipande cha jani ili atulie, soma, andika. Uzito hupanda na kushuka gramu 30 hivi kwa siku kwa sababu ya tumbo na kibofu tu, hilo halina neno. Ukishuka zaidi ya gramu 50 kwa wiki, anapimwa kila siku. Ukipungua sehemu ya kumi ya uzito wake wa kawaida, anakwenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Juni

Nimepita nyumba kwa nyumba kuandika uzito wa kuanzia na kuona wanakula nini. Wakubwa wengi wako kati ya gramu 700 na 1,000, wamenona, manyoya yanang'aa, kwa sababu nyasi za masika bado zipo kwenye kingo za viwanja. Lakini chakula cha msingi karibu kila nyumba ni pumba za mahindi na mchicha wa jioni. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, hakuna. Wazazi wanasema hei ni ya ng'ombe.

Hei ndiyo niliyoshughulikia kwanza. Meno ya simbilisi, yote 20, ya mbele na magego, yanaota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi ndefu kwa saa nyingi. Pumba zinamezwa tu. Tumechanga tukanunua marobota ya nyasi zilizokatwa upande wa Kongwa, na kila nyumba imepata fungu la kuweka kwenye kikapu cha waya ukutani, zisikanyagwe wala kukojolewa. Pumba hatukuzikata ghafla, kwa sababu bakteria wa tumboni wanahitaji muda kuzoea chakula kipya. Tunazipunguza kiganja kwa kiganja.

Swali la watoto: mbona anakula kinyesi chake? Aendelee. Kuna kile laini anachokichukua moja kwa moja kutoka nyuma, kina protini na vitamini ambazo hazikunyonywa mara ya kwanza. Msimfukuze.

Julai, upepo na vumbi

Baridi ya asubuhi inauma, na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya vikombe. Kwenye nyumba moja simbilisi wawili wameshuka uzito wiki hiyohiyo, wanapiga chafya, macho yana utando. Wanaishi banda moja na sungura.

Sungura alikuwa mzima kabisa, na hapo ndipo watu wanapotatizika. Bakteria anayeitwa Bordetella bronchiseptica anaweza kukaa kwenye pua ya sungura au mbwa bila kumsumbua, lakini akimfikia simbilisi huleta homa ya mapafu. Simbilisi akiziba pua hanusi chakula, na asiponusa hali. Tumewatenganisha, na nimeomba nyumba zote zenye wanyama wa aina mbili zifanye vivyo hivyo. Nafasi ndogo si kisingizio. Boksi la mbao ukutani linatosha kwa kuanzia.

Mama mwenye nyumba alikuwa tayari ameuziwa dawa kwenye duka moja la mifugo, amoksilini, akaambiwa awape kidogo kwa kuwa ni wadogo. Nilimwomba asiwape hata tone. "Lakini mama, mbona mtoto wangu anapewa hiyohiyo?" Nikamweleza: penisilini, ampisilini, amoksilini na jamaa zao, wakipewa kwa mdomo, zinawafyeka wale bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanabaki peke yao, wanatoa sumu, na simbilisi anakufa kwa kuhara akiwa kwenye matibabu. Linkomisini na erithromisini nazo ni hatari kwake. Zipo antibayotiki anazozivumilia, na ni daktari anayejua mnyama huyu atakayechagua ipi na kiasi gani. Wawili hawa walipata ya kwao, wakafunikwa kwa upande mmoja wasipigwe na upepo, na uzito ulirudi polepole. Nimeandika majina ya dawa za hatari kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari.

Agosti

Mstari wa uzito unainama karibu kila nyumba. Hakuna anayeumwa kwa kuonekana. Wamepungua tu, gramu 20, 30, wiki baada ya wiki. Nje kumekauka, kile kilichokuwa nyasi sasa ni vijiti vya kijivu, na mchicha sokoni umekuwa wa kuhesabu majani. Familia zimerudi kwenye pumba.

Kisha akaletwa Tui, jike jeupe la mtoto wa darasa la nne. Hajaruka siku kadhaa, ukimshika kiuno anapiga kelele, magoti ya nyuma yamevimba, na kwenye fizi kuna damu kidogo. Chakula anakitazama tu. Ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na simbilisi pia hawezi. Mbuzi anaweza, mbwa anaweza, kuku anaweza, ndiyo maana mfugaji wa kawaida hajawahi kulifikiria jambo hili. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, wakaona wanashikwa na ugonjwa uleule uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Kilichotokea kwenye maabara yao ndicho kinachotokea Nkuhungu kila Agosti, mnyama yuleyule na nafaka, bila jani bichi. Mwili usio na vitamini C unashindwa kuimarisha fizi, viungo na mishipa midogo ya damu. Kutafuna kunauma, kutembea kuelekea kwenye sahani kunauma, basi anaona heri akae.

Mzima anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mgonjwa au mwenye mimba anahitaji zaidi. Daktari alimwandikia Tui kidonge cha kupondwa na kupewa mdomoni kila siku. Kwa wengine tumeingia kwenye pilipili hoho. Kipande cha gramu 25 hivi cha hoho la kijani kina kama miligramu 20, na jekundu linazidi. Kwenye Soko la Majengo nimepatana na kijana mmoja anayeuza mboga. Yale mahoho yaliyojikunja, ambayo mama wa nyumbani hayachukui, anatuwekea kwa bei ya chini. Yakiwa na ukungu tunayakataa. Mapera yana vitamini C nyingi kuliko hoho, ila yana sukari, kwa hiyo kipande kidogo mara moja moja.

Nimeombwa pia ruhusa ya ubuyu, na ni lazima, hapa ni Dodoma. Ule wa kwenye vipakiti una sukari na rangi, haufai. Unga mtupu wa ubuyu una vitamini C, lakini hoho najua kiasi chake na naona simbilisi analimaliza mbele yangu, kwa hiyo nimebaki na hoho.

Maji ya kunywa yenye vitamini ndani yake, ambayo nyumba mbili walikuwa wameanza, nimeyasimamisha. Joto, mwanga na chuma vinaiharibu vitamini C ndani ya saa chache, na ladha ikibadilika simbilisi anaweza kuacha kunywa. Asiyekunywa naye ataacha kula.

Septemba: Madoa

Huyu nitamwandika kwa kirefu kwa sababu ndiye aliyetuonyesha thamani ya daftari.

Madoa ni dume la miaka mitatu hivi, anayesubiri mlangoni na kupiga mluzi akisikia mfuko wa nailoni. Mwezi uliopita alikuwa gramu 940. Jumamosi ya kwanza, 880. Mtoto anasisitiza kwamba anakula, na ni kweli, anakimbilia chakula kuliko wenzake. Tukaanza kumpima kila siku, na uzito ukaendelea kushuka. Nilipiga goti mbele ya banda, nikaacha kumwangalia yeye nikaangalia kinywa. Anachukua unyasi, taya linakwenda upande mmoja mara nyingi kuliko kawaida, anatikisa kichwa, unyasi unadondoka ukiwa umelowa. Anachukua mwingine. Hoho analilamba juisi na kuliacha ganda. Chini ya kidevu manyoya yameshikana kwa mate. Vinyesi vimekuwa vidogo na vyembamba, vichache chini ya kikapu cha nyasi.

Mnyama aliyepoteza hamu na mnyama mwenye hamu asiyeweza kula wanafanana kwenye mizani, lakini matibabu yao hayafanani. Meno ya mbele ya Madoa yalikuwa sawa. Magego huwezi kuyaona kwa kufungua mdomo kwa vidole, kinywa ni chembamba na mashavu yanaingia ndani. Daktari alitumia kile kifaa chenye taa cha kuangalia masikio, akatuita tuone. Magego ya chini yalikuwa yameota yakiegemea ndani mpaka yanakaribia kukutana juu ya ulimi, kama daraja. Ulimi ulikuwa umefungiwa chini, hawezi kusukuma chakula nyuma.

Alipigwa usingizi, yakasagwa. Hapa kuna jambo la kukumbuka: mbwa hufungishwa chakula usiku kucha kabla ya nusu kaputi, simbilisi hafungishwi hivyo. Hawezi kutapika, na tumbo tupu ndilo adui yake.

Kazi ikahamia nyumbani, na niliwafundisha mama na mtoto pamoja. Peleti za sungura, yaani chakula chao cha punje zilizoshindiliwa, zinalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji mzito, zinapondwa na kuchujwa vipande vigumu. Unatumia bomba la sindano dogo, lisilo na sindano. Simbilisi anakaa wima mapajani, amefungwa taulo, mgongo ukiegemea tumbo lako. Usimlaze chali hata kidogo, uji utaingia mapafuni. Ncha ya bomba inaingia kwa pembeni, kwenye uwazi ulio nyuma ya meno ya mbele, unatoa tone moja, unangoja atafune na kumeza, ndipo la pili. Kila baada ya saa mbili au tatu, usiku mnaamka. Mtoto aliuliza kama hatuwezi kumwacha apumzike mpaka asubuhi. Hapana mjukuu wangu, akipumzika yeye na tumbo linapumzika. Alipewa pia dawa ya maumivu, maana mnyama anayeumia hafungui kinywa hata ukimbembeleza vipi.

Ishara ya kwanza tuliyoishangilia ilikuwa kinyesi, kikubwa na chenye umbo, kwenye kitambaa cha asubuhi. Kisha akavuta jani la kotimiri mwenyewe na likaingia lote. Hei alichelewa kuigusa. Tuliendelea na uji huku tukipunguza, mpaka mizani ikaonyesha anapanda bila msaada wetu.

Oktoba, joto

Chini ya bati saa nane mchana kipimajoto kinapita 30. Simbilisi anastarehe kati ya 18 na 24 hivi, hana jasho la kumpoza, na ikizidi 27 au 28 huku hewa haitembei anaweza kuanguka. Kabla ya kuanguka anaacha kula. Wiki hii nyumba nyingi zimeandika "majani yamebaki".

Tumeyashusha mabanda yote sakafuni kwenye saruji, upande wa ukuta usiopigwa jua la jioni. Chungu kilichovunjika mdomo, kikilazwa ubavu na kufunikwa gunia bichi, kimekuwa chumba kinachopendwa kuliko vyote. Maji yanabadilishwa asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa chupa ikipata moto hawainywi. Majani mengi yanatolewa alfajiri na usiku.

Tumempoteza mmoja. Jike mnene wa nyumba ya kona, mimba ya mwisho mwisho. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na wiki mbili za mwisho watoto wanakula akiba yote ya mama huku wakibana tumbo lake. Jike aliyenona sana, akipata joto au mshtuko akaacha kula hata kwa muda mfupi, mafuta yanafurika kwenye ini na damu inajaa sumu. Alikataa hoho jioni, asubuhi alikuwa amelegea, pumzi ina harufu tamu ya ajabu. Daktari alijaribu. Alikufa kabla ya adhuhuri pamoja na watoto wake. Nimelia na wenye naye.

Daftari limeongezewa ukurasa wa wenye mimba. Wao uzito ukisimama bila kupanda, hiyo tayari ni hatari, hatungoji ushuke. Hawahamishwi banda, hawabadilishiwi chakula, na majike hawanoneshwi kabla ya kupandishwa.

Novemba

Karatasi ya ukutani imekamilika, ukurasa mmoja wenye maandishi makubwa. Juu kuna jedwali la uzito, chini yake maswali ambayo mtoto anajibu kwa ndiyo au hapana: amemaliza jani la jana, kinyesi ni kikubwa kama kawaida, kidevu kikavu, anapumua kimya, anaruka. Jibu moja baya anapimwa leo. Mawili, piga simu kwa daktari. Niliondoa sehemu ya "tibu nyumbani" iliyokuwa kwenye rasimu. Uji wa bomba ni wa kumvusha mnyama mpaka apate tiba, na kama tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, hata huo uji usimpe mpaka daktari amguse.

Watoto wamepanda matembele na hoho kwenye viroba, wanamwagilia maji yaliyosuuzia mboga. Matembele yameshika vizuri. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi yamepigwa marufuku mabandani, na kisamvu kibichi pia.

Desemba, mvua za kwanza

Kijani kimetoka ghafla, na watoto wanarudi na makumbatio ya nyasi changa zilizolowa. Nimewazuia kidogo. Tumbo lililozoea hei miezi yote hiyo likijazwa majani mabichi kwa siku moja linachachuka na kuvimba, na tutakuwa na simbilisi wasiokula katikati ya neema. Ngumi moja kwa siku kwanza, zikiwa zimekaushwa umande, hei ikibaki kikapuni, kisha tunaongeza.

Uzito umerudi kwenye nyumba karibu zote. Tui anaruka, ingawa goti moja limebaki gumu. Magego ya Madoa yataendelea kuota vilevile yalivyoinama, kwa hiyo atakuwa wa kukaguliwa kila baada ya wiki sita au nane maisha yake yote; ukaguzi unaofuata ni katikati ya Januari, na wazazi wameanza kuchangia kidogo kidogo kwenye kopo. Watu wa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, wameomba karatasi na mafunzo. Karatasi nimewapa. Mizani ya pili tunaitafuta, na kama kuna aliye na ya jikoni asiyoitumia, inayosoma gramu moja moja, tunaihitaji kabla ya Mei.